Kichaka Alichoingia Erasmo na Mwanawe

Baba Paroko, masista, wazee wa ukoo, majirani wa hapa Maguu, na ninyi mliopanda milima hii kwa matope kutoka Litembo, Kitai na kule chini ziwani, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Dunstan, mdogo wake marehemu, nimemfuata tumboni, na kila tunapofiwa ukoo huu hunipa mimi kusoma kwa sababu nilikuwa katekista na inasemekana sauti yangu inafika nyuma. Sasa haifiki tena, koo limechoka na mwenye koo amechoka, kwa hiyo walio kule kwenye migomba wasogee, na akina mama wa jikoni wapunguze kuni waje wasikilize, wali hautakimbia.

Kabla sijaanza niseme lile ambalo kila mmoja hapa analo moyoni, tusijifanye hatulijui. Mwaka 2006 marehemu alitamka mbele ya watu kwamba siku akifa, mwanawe Florian asimtupie udongo, na neno la baba kwetu hufutwa na baba mwenyewe, akishaondoka bila kulifuta hakuna mwingine wa kulifuta, liwe chungu au tamu linabaki. Jana mchana kikao cha ukoo kilikaa chini ya mwenyekiti wetu Mzee Raimundi, kikatafuta shahidi aliyesikia neno hilo likifutwa, hakikumpata, kikaamua Florian asisogee kaburini, naye alipoambiwa akajibu sawa, ndiyo maana mtoto wa kiume pekee wa marehemu amekaa kule kwenye mapipa ya maji pamoja na wapishi. Mimi nilipewa karatasi hii niisome ilivyo, nami nitaisoma, ila kuna mahali nitaiweka pembeni niseme kwa kinywa changu. Mzee Raimundi anajua, nimemwomba ruhusa asubuhi hii, akaniambia soma, tutasikia.

Marehemu Mzee Erasmo Othmar Kinunda alizaliwa hapa Maguu tarehe 14 Machi 1947, mtoto wa pili wa Mzee Othmar Kinunda na Mama Scholastica, akabatizwa Jumapili iliyofuata. Karatasi haisemi lakini mama alikuwa akitusimulia, uchungu ulimkuta kule mteremkoni akichimba ngolo, mashimo yetu ya kulimia, akaacha jembe shimoni akapanda nyumbani kujifungua, na kesho yake alipomtuma mtu jembe likawa limekwisha ibiwa, kwa hiyo kila Erasmo alipomkosea alikuwa akimwambia kwamba amemgharimu jembe tangu siku ya kwanza.

Alianza shule ya misheni hapa hapa mwaka 1956, akaendelea na darasa la tano hadi la nane kule Litembo, akamaliza Novemba 1963. Imeandikwa hapa kwamba alikuwa mwanafunzi hodari, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja naongeza kwamba alikuwa hodari wa kutega panya na kufuata mbwa wa watu, maana ndugu wa mama yetu, Mjomba Frederick, alikuwa msakaji mwenye gobore, na likizo zote tulikuwa tunakwenda kwake, yeye akijifunza kusoma nyayo na mimi nikijifunza kubeba mizigo.

Tarehe 1 Julai 1969 aliajiriwa kuwa askari wa wanyamapori, akapangiwa Songea, baadaye Tunduru, na mwaka 1985 akahamishiwa mwambao wa Ziwa Nyasa kuwafukuza viboko waliokuwa wakimaliza mpunga wa watu upande wa Lituhi, huko akakaa hadi mwaka 1993, akajifunza kula samaki wa mbasa na kukisema Kinyasa vibaya, wenyeji wakimcheka na yeye akiendelea tu. Kutoka ziwani alirudishwa kwenye mapori ya bonde la Ruvuma, akafanya kazi huko mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2007, bila onyo hata moja katika utumishi wake. Alikuwa mtu mgumu, nisiwadanganye kwa kuwa amelala hapa mbele. Nyama ya porini ambayo hakujua ilikotoka hakuila, hata kwenye harusi, kuna harusi moja hapa Maguu alimwita baba wa bwana harusi nyuma ya nyumba akamdai kibali cha nyama iliyokuwa kwenye sahani, na sisi ndugu zake tukaondoka kwa aibu kabla ya keki.

Alifunga ndoa na Vitalia Hyera katika kanisa la Litembo tarehe 22 Septemba 1973, na Mungu akawajalia watoto watatu, Asteria aliyezaliwa 1974, Florian 1977 na Ottilia 1981. Kahawa mnayoiona kuzunguka nyumba hii ni ya shemeji Vitalia, yeye ndiye aliyeipanda, akaipalilia, akaichuma na kuibeba kichwani mpaka kiwandani, mume akija likizo tu, na watoto wote watatu walisoma kwa kahawa hiyo, Florian akiwa bwenini tangu mdogo, asijue bunduki wala pori, kwa sababu baba yake alikataza bunduki isiingie nyumbani.

Sasa nafika Novemba 2004, mahali ambapo karatasi imeandika kwa kifupi sana kwamba palitokea kutoelewana katika familia. Florian alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mahindi, na kwenye kizuizi cha barabara ya Songea, karibu na Kitai, askari waliokuwa zamu walilisimamisha lori hilo, aliyepanda nyuma kufunua turubai ni baba yake mzazi, na chini ya magunia akakuta nyama ya nyati. Wenzake walimwambia ageuke atazame upande mwingine, wao watalimaliza, lakini Erasmo hakuwa na upande mwingine wa kutazama, akamkamata mwanawe kama ambavyo angemkamata yeyote, na Florian akakaa mahabusu miezi kumi na minne akisema kwamba hakujua kilichopakiwa. Akiwa huko ndani mama yake akaugua, akafariki tarehe 19 Agosti 2005, tukamzika pale nyuma, yeye hayupo. Januari iliyofuata mahakama ikamwachia huru, maana ilionekana waliopakia ndio waliojua, dereva hakujua kitu.

Tarehe 19 Agosti 2006 tulikuwa na misa ya kumbukumbu ya shemeji Vitalia, watu wamejaa uwanja huu kama leo, na baada ya baraka Florian akasimama kando ya kaburi akamwambia baba yake, "Ulinifunga bila kosa, ukamzika mama yangu bila mimi." Hapo ndugu zangu mzee angeweza kunyamaza, angeweza kusema pole, neno pole halina uzito hata mtoto analibeba, lakini ulimi hauna mfupa, akajibu kwa sauti ya kazini, "Siku nikifa, huyu asinitupie udongo." Nilikuwa nimesimama katikati yao, niliumia siku ile na bado naumia.

Baada ya hapo ilipita miaka kumi na minane. Florian alihamia Kitai, akafungua mashine ya kukoboa na kusaga, akamwoa Eunice, wakapata watoto, na kila Noeli na Pasaka Eunice alikuwa anawaleta watoto kumsalimia babu yao, Florian akibaki kule barabarani juu ya pikipiki yake mpaka watoke. Mzee alikuwa akiwauliza wajukuu kama wamekuja peke yao, wajukuu wakimjibu kwamba baba yuko barabarani, naye akisema haya. Nilijaribu kuwapatanisha, paroko aliyetangulia alijaribu, wazee walijaribu kwa kuku na kwa pombe, tukachoka. Wagombanao ndio wapatanao, husemwa hivyo, lakini hawa wawili walitukawiza mno.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwaka 2023, akagunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, akatibiwa, akapata nafuu kidogo, Asteria akaacha shughuli zake Songea akaja kumuuguza. Kufika katikati ya mwaka jana alikuwa amekonda, haongei habari nyingine isipokuwa pori, nyati wa mto fulani, njia ya tembo ya mwaka fulani, mpaka Asteria akampigia kaka yake simu akamweleza tu kwamba baba anaota porini kila siku. Florian akakata simu, dada mtu akadhani amechukia.

Katikati ya Septemba gari likaingia uwanja huu, Florian akashuka na bunduki yake halali, aliyojifunza kuitumia ukubwani, na leseni ya kuwinda nyati mmoja, akasimama pale mlangoni akasema, "Shikamoo." Asteria anasema mzee aliitikia marahaba, akauliza risasi za bunduki hiyo ni za ukubwa gani, alipotajiwa akasema zinafaa, akaomba viatu vyake. Daktari hakuulizwa, na naona ni vizuri hakuulizwa, maana angekataa.

Walikwenda bonde la Ruvuma, kwenye eneo lililoruhusiwa, na kwa sheria wakapewa askari wa kufuatana nao, ndugu yetu Wilfred, Mnyasa wa Lituhi, Mwanglikana, mtoto wa rafiki wa marehemu tangu enzi za viboko, yule pale aliyevaa koti la kijani. Siku ya kwanza hawakuona kitu, mzee alitembea kwa fimbo akipumzika kila mara, Florian akimsubiri bila kumsemesha, na jioni wakala ugali kila mtu ameangalia sahani yake, Wilfred anasema amelinda wageni wengi lakini hakuwahi kulala na watu wakimya namna ile.

Siku ya pili asubuhi wakakuta nyati dume kwenye maji, Florian akapiga, risasi ikaenda nyuma mno, ikampata tumboni, nyati akakimbilia kwenye kichaka cha matete na miiba akapotelea humo. Ng'ambo ya kichaka hicho ni njia ya watu wa kijiji kwenda bustanini, akina mama walikuwa wamepita muda si mrefu na wangerudi kwa njia ile ile, na nyati aliyejeruhiwa akikaa kichakani humngoja mtu. Wilfred akataka arudi kuita askari wengine, mzee akamwambia, "Wakifika hao utakuwa unabeba maiti ya mama wa watu, mwenye kujeruhi ndiye anayefuata, na mwenye macho ya kusoma damu hapa ni mimi." Kisha hakuinuka. Aliketi pale chini na fimbo yake miguuni, akakitazama kichaka, akamtazama mwanawe, akakitazama kichaka tena, Wilfred akadhani mzee ameishiwa nguvu.

Hapa ndipo naiweka karatasi chini, wazee wangu, sikilizeni.

Leo asubuhi Wilfred amefika kwa bodaboda akiwa na mbasa wakavu kwa ajili ya msiba, tukampa uji, akakaa na mimi akinisimulia safari hiyo kama mtu anavyomsifia marehemu. Akasema Mzee Erasmo alikuwa mtu msafi sana, hata huku nyati anamngoja aliomba chupa ya maji, akasukutua kinywa, akayatema chini mbele ya miguu ya Florian, akampa chupa akamwambia, "Na wewe." Florian akanywa, akamrudishia Wilfred chupa, mzee akatikisa kichwa, akainuka, wakaingia kichakani.

Bakuli la uji liliniponyoka. Nilimuuliza Wilfred mara mbili kama mzee aliyameza yale maji, akaniapia kwamba aliyatema yote, nikaenda kwenye mapipa nikamuuliza Florian, akaniambia, "Ndiyo, baba alisukutua, mimi nilikuwa na kiu nikanywa." Hawakujua, wote wawili hawakujua. Wilfred ni mtoto wa wavuvi, mambo yao yako majini, na Florian alilelewa bwenini, na baba yake alikataza bunduki nyumbani, nani angemfundisha?

Mzee Raimundi, wewe ulisaka na Mjomba Frederick, na wako wazee wengine hapa wawili watatu waliosaka naye, mtanisahihisha nikikosea. Tulifundishwa kwamba mnyama aliyejeruhiwa akiingia kichakani, humo huingia watu wawili, wa mbele anasoma damu ameinama, wa nyuma ameshika bunduki, na wa mbele anampa wa nyuma mgongo wake. Kwa hiyo wenye kinyongo hawaingii pamoja. Kwanza mwenye kinyongo anachukua maji kinywani, anayatema chini mbele ya mwenzake, hasemi kitu, na akishatema amefuta, kila neno alilowahi kumtamkia mwenzake limekwenda na maji yale, haruhusiwi kuliokota tena hata wakirudi nyumbani, hata miaka mia ipite. Mjomba alituambia ni heri kumwacha mnyama apotee kuliko kuingia bila kutema, na mimi niliwahi kumwona akimwacha pongo aliyekwisha lowa damu, kwa sababu aliyekuwa naye ni shemeji yake na shemeji yake alikataa kutema.

Erasmo alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliye hapa. Hakuwa mtu wa kusukutua kinywa porini, maji ya porini alikuwa akiyabana, tulimfahamu. Alikaa pale chini akashindana na moyo wake, na moyo ule ulikuwa mgumu, mimi nimeishi nao, akaona wale akina mama watakaorudi, akaona kwamba hawezi kuingia na mwanawe huku neno lile bado lipo, akalitema. Alimtemea mwanawe asiyejua maana yake, mbele ya shahidi asiyejua maana yake, kisha akaingia mbele ameinama, akampa mgongo wake mtu ambaye kwa miaka kumi na minane hakumpa hata mkono.

Mkitaka kujua mwisho wa nyati, alitoka kwa kasi kutoka pembeni, mzee akajilaza chini kama alivyofundishwa, Florian akapiga juu yake, nyati akaangukia karibu hata damu ikarukia shati la mzee. Wakagawa nyama kijijini kwa utaratibu. Wilfred anasema walipokuwa wakirudi mzee alilala njia nzima ameegemea kioo, na Florian aliendesha polepole kwenye kila shimo, kwa barabara zetu mnaweza kujua ilikuwa safari ndefu.

Mtaniuliza kwa nini alipofika hakutuita akatuambia. Nami nimejiuliza tangu asubuhi, na jibu langu ni kwamba alijua amekwisha maliza, mtu wa namna yake hasemi jambo mara mbili, na alipotikisa kichwa nadhani alielewa kwamba mtoto hajui, akapanga kumweleza siku nyingine akipata nguvu. Nguvu hazikuja. Mwezi Novemba hali ilibadilika, tarehe 3 Januari mwaka huu akapata kiharusi, kauli ikamtoka kabisa, akalazwa hospitali ya Litembo, na Florian akawa anakuja kila Jumapili, anaketi kwenye benchi la nje, haingii, akiogopa kumsumbua. Siku moja Asteria alimwona mzee akiashiria mlangoni kwa mkono mzima, akadhani anataka mlango ufungwe, akaufunga. Pole mwanangu Asteria, usilie, hakuna aliyejua. Marehemu alifariki dunia Jumatano tarehe 12 Februari 2025 asubuhi, akiwa na umri wa miaka 77, baada ya kupata sakramenti zote, ameacha watoto watatu na wajukuu tisa.

Kuna mzee ameninong'oneza hapa kwamba Florian hakutema, alimeza. Ni kweli alimeza. Lakini neno la udongo halikuwa lake, lilikuwa la baba, na baba amelitoa. Kama Florian naye ana lake alilolimeza, hilo ni kati yake na Mungu, simlaumu, mtu aliyekosa kumzika mama yake ana haki ya kulitoa polepole. Mzee Raimundi, umesikia, na umesaka pamoja nasi, sitasema zaidi. Naona umevua kofia. Ahsante, mzee wangu, hiyo inatosha.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Litembo waliomgeuza kaka yangu kitandani usiku na mchana bila kuchoka, sisi tukiwa tumechoka, namshukuru Baba Paroko, wanajumuiya, majirani mlioacha ngolo zenu msimu huu wa kazi, vijana wa bodaboda mliobeba wageni kwenye matope, askari wa wanyamapori, wastaafu na walio kazini, mliokuja na sare zenu, na ndugu yetu Wilfred aliyetuletea mbasa na kitu kikubwa kuliko mbasa. Asteria, kwako sina neno, Mungu anakuona.

Sasa vijana wa kaburini wekeni majembe chini kidogo, nafasi iachwe. Florian mwanangu, ondoka kwenye mapipa, uje hapa mbele, udongo wa baba yako utautupa wewe kwanza, sisi wengine tutafuata. Kaka Erasmo, kazi yako imekwisha, mwanao yuko nyuma yako, pumzika kwa amani.